Kufumba na Kufumbua: Nafasi ya Namba Tasa katika Mafumbo ya Ufunguo wa Hadharani

1. Utangulizi

Miongoni mwa kauli za vitenzi vya Kiswahili imo kauli ya kutendua, ambayo hupindua tendo lililokwisha kutendwa. Mtu hufunga mlango, kisha akaufungua. Hukunja mkeka, kisha akaukunjua. Hutatiza uzi, kisha akautatua. Hufumba maneno, na mwenzake akayafumbua. Katika sarufi, kutenda na kutendua ni ndugu wa tumbo moja: mzizi ni ule ule, na tofauti iko mwishoni tu. Mwenye kuzisikiliza jozi hizi angeweza kudhani kwamba hata nje ya lugha kazi ya kutendua ni sawa na kazi ya kutenda. Lakini aliyewahi kuketi na uzi uliotatizika anajua kwamba sivyo. Mtoto huutatiza kwa dakika moja. Mama yake huutatua kwa mchana mzima.

Tangu miaka ya 1970, wataalamu wa mafumbo wamejenga ulinzi wa siri juu ya tendo la namna hiyo, yaani tendo lililo rahisi kwenda na gumu kurudi. Tendo lenyewe ni la hesabu ya shule ya msingi: kuzidisha namba mbili tasa. Juu ya tendo hilo zimesimama sehemu kubwa ya saini zinazothibitisha kurasa za intaneti, kadi nyingi za benki zenye chipu, na uthibitisho wa programu zinazopokelewa na kompyuta kila siku.

Makala haya yanakusudia kueleza namna namba tasa zinavyofanya kazi hiyo, kwa mfano ambao msomaji anaweza kuuhakiki kwa kalamu na karatasi. Aidha, yanakusudia kuonyesha jambo ambalo aghalabu husahauliwa: kwamba ulinzi huo haukujengwa juu ya ukweli uliothibitishwa, bali juu ya ugumu ambao mpaka leo haujapata mshindi. Tofauti kati ya mambo hayo mawili si ndogo kwa mtu mwenye siri ya kutunza.

2. Tatizo la ufunguo mmoja

Mafumbo ya kale, pamoja na tofauti zake nyingi, yalikuwa na tabia moja: ufunguo wa kufumba ndio ule ule wa kufumbua. Inasimuliwa kwamba Julius Caesar aliandika barua zake kwa kusogeza kila herufi nafasi tatu mbele. Aliyepokea barua alizirudisha nyuma nafasi tatu. Fumbo la aina hiyo ni dhaifu. Katika karne ya 9, mwanachuoni al-Kindi wa Baghdad aliandika risala akieleza jinsi ya kulivunja: hesabu herufi, utambue ipi inajirudia zaidi, uilinganishe na herufi inayotumika zaidi katika lugha husika. Kwa Kiswahili kazi hiyo isingekuwa nzito, kwa kuwa herufi a hujitokeza kuliko nyingine zote na karibu kila neno huishia kwa irabu.

Mafumbo ya baadaye yaliimarishwa sana, lakini tatizo moja lilibaki palepale. Kabla ya watu wawili kuandikiana kwa siri, lazima kwanza wakutane, au wamtume mjumbe mwaminifu, ili wapeane ufunguo. Ikiwa watu 1,000 wanataka kuandikiana wawili wawili pasipo wa tatu kujua, wanahitaji funguo 499,500. Majeshi na balozi waliweza kubeba gharama hiyo kwa wajumbe na vitabu vya siri vilivyosafirishwa chini ya ulinzi. Mfanyabiashara anayetaka kumwandikia mtu asiyemjua, aliye nchi ya mbali, hakuwa na njia.

Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Marekani, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walitoa makala yaliyopendekeza jambo lililoonekana kinyume cha akili: fumbo lenye funguo mbili. Ufunguo mmoja ungetangazwa hadharani, na kila mtu angeweza kuutumia kufumba. Wa pili ungebaki kwa mwenyewe peke yake, na huo tu ndio ungefumbua. Mfano wake ni kufuli lililo wazi. Mtu hugawa makufuli yake sokoni bila hofu. Yeyote hutia barua sandukuni na kulibana kufuli. Lakini akishalibana, hata yeye hawezi tena kulifungua.

Diffie na Hellman walieleza wazo hilo, wakatoa pia njia ya watu wawili kupatana ufunguo mbele ya wasikilizaji, ila kufuli lenyewe hawakulipata. Lilipatikana mwaka 1977 katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts na Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, na herufi za kwanza za majina yao zikawa jina la fumbo: RSA. Mwezi Desemba 1997 ilifichuliwa kwamba wataalamu wa idara ya siri ya Uingereza, GCHQ, walikuwa wametangulia. James Ellis alilifikia wazo mwaka 1970, na Clifford Cocks akapata njia ya namba tasa mwaka 1973. Kazi yao ilifungiwa kabatini kwa zaidi ya miaka ishirini, na Ellis alifariki mwezi mmoja tu kabla ya kutangazwa kwake.

3. Namba tasa ni zipi

Namba tasa ni namba kamili iliyo kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, na kuendelea. Wanafunzi wa Kongo, waliosoma hesabu kwa Kifaransa, wanazijua kwa jina lenye maana ya namba za kwanza. Istilahi iliyoenea katika vitabu vya hesabu vya Tanzania ni namba tasa. Majina hayo mawili huitazama namba ile ile kutoka pande mbili. Kifaransa kinazitazama kama asili, kwa maana namba nyingine zote hujengwa kwazo. Kiswahili kinazitazama kama zisizo na wana, kwa maana hakuna namba ndogo zilizokaa ndani yake.

Katika historia ya namba hizi Kongo ina ukurasa wake. Mwaka 1950 mtafiti Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, ukingoni mwa ziwa Edward, mahali mto Semliki unapotoka, kipande cha mfupa chenye alama zilizochanjwa kwa makundi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Safu mojawapo ina makundi ya alama 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizopo kati ya 10 na 20. Baadhi ya watu wameona hapo ushahidi wa elimu ya namba tasa. Tahadhari inahitajika: kujua utasa wa namba kunahitaji kujua kugawanya, na mfupa hauonyeshi kugawanya. Yawezekana mchanjaji alihesabu siku za mwezi, au jambo jingine kabisa. Lililo wazi ni kwamba mtu aliyeketi ukingoni mwa ziwa lile alihesabu kwa makini na kutaka hesabu yake idumu.

Kwa mafumbo, mambo mawili kuhusu namba tasa ni ya lazima, na yote yana mizizi katika elimu ya Wagiriki. Kwanza, hazina mwisho. Euclid alithibitisha jambo hilo yapata mwaka 300 kabla ya Kristo: chukua namba tasa zozote, uzizidishe zote pamoja, kisha uongeze 1. Namba ipatikanayo haigawanyiki kwa yoyote kati ya zile za mwanzo, kwa kuwa kila mara hubaki 1. Basi lazima kuwe na namba tasa nyingine nje ya orodha. Pili, kila namba kamili iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa ama ni zao la namba tasa kwa njia moja tu. Namba 33 ni 3 × 11, wala haiwezi kuwa zao la namba tasa nyingine. Kwa hiyo mwenye kuzidisha namba mbili tasa hajazipoteza. Zimo ndani ya zao lao, kamili, zikimsubiri atakayeweza kuzitoa.

4. Mzunguko wa mabaki

Kufuli la RSA limetengenezwa kwa mabaki ya kugawanya. Ili kulielewa, ni vizuri kuanza na baki ambalo kila mtu hulijua pasipo kuliita hivyo, yaani tarakimu ya mwisho ya namba, ambayo ndiyo baki la kugawanya kwa 10.

Namba 7 ikizidishwa kwa 7 tena na tena huleta 7, 49, 343, 2,401, 16,807. Tarakimu za mwisho ni 7, 9, 3, 1, na kisha 7 tena. Namba 8 huleta 8, 64, 512, 4,096, 32,768. Tarakimu za mwisho ni 8, 4, 2, 6, na 8 tena. Msomaji akijaribu tarakimu yoyote ataona jambo lilo hilo: katika kipeo cha 5, tarakimu ya mwisho huwa imerudi ilikoanzia. Baadhi hurudi mapema zaidi, lakini hakuna inayopitiliza. Mzunguko una hatua 4.

Hatua 4 hizo hazikuja kwa bahati. Namba 10 ni zao la namba tasa 2 na 5. Punguza 1 katika kila moja, zitabaki 1 na 4. Zizidishe, utapata 4. Kanuni hii ni ya jumla kwa kila zao la namba mbili tasa zisizo sawa. Mbegu yake ilipandwa na Pierre de Fermat mwaka 1640, na Leonhard Euler akaipanua mwaka 1763. Wote wawili waliitafuta kwa kupenda elimu ya namba, bila kufikiria siri ya mtu yeyote.

Umuhimu wake ni huu: urefu wa mzunguko hujulikana mara moja na mtu anayezijua namba mbili tasa zilizozidishwa. Anayejua zao peke yake hana njia ya mkato inayojulikana ya kuupata.

5. Mfano: kulifumba neno siri

Na ichukuliwe kwamba mwalimu mmoja anataka kupokea barua za siri. Anachagua namba mbili tasa, 3 na 11. Zao lake ni 33. Mzunguko wake ni 2 × 10, yaani hatua 20. Kwa hiyo, katika kugawanya kwa 33, namba yoyote kuanzia 0 hadi 32 ikipandishwa kwenye kipeo cha 21 huacha baki lililo sawa na namba yenyewe.

Namba 21 ni 3 × 7. Hapo ndipo ilipo hila yote. Safari ya hatua 21, inayomrudisha msafiri nyumbani, imegawanywa vipande viwili. Mwandishi wa barua huifanya sehemu ya kwanza kwa kipeo cha 3; mpokeaji huimaliza kwa kipeo cha 7. Mwalimu hutangaza namba 33 na 3. Huo ndio ufunguo wa hadharani. Huficha 7, na pamoja nayo namba 3 na 11 alizoanza nazo.

Sasa mwanafunzi anataka kumpelekea neno siri. Herufi za Kiswahili zikipangwa a, b, ch, d, e, f, na kuendelea mpaka z, ni 24; ndani yake i ni ya 9, r ni ya 17 na s ni ya 18. Kwa hiyo siri ni 18, 9, 17, 9. Mwanafunzi hupandisha kila namba kwenye kipeo cha 3, hugawanya kwa 33, na kushika baki.

18 × 18 × 18 ni 5,832, na baki ni 24.
9 × 9 × 9 ni 729, na baki ni 3.
17 × 17 × 17 ni 4,913, na baki ni 29.

Ujumbe unaosafiri ni 24, 3, 29, 3. Mwalimu akiupokea hupandisha kila namba kwenye kipeo cha 7. Kwa namba 3, hesabu ni 3 × 3 × 3 × 3 × 3 × 3 × 3, yaani 2,187. Ikigawanywa kwa 33 hubaki 9, ambayo ni herufi i. Kwa namna hiyo hiyo 24 hurudisha 18, na 29 hurudisha 17. Neno limefumbuliwa.

Anayesikiliza njiani anazo namba 33 na 3, na anao ujumbe wote. Anachokosa ni 7. Ili kuipata 7 anahitaji kujua mzunguko wa 20, na ili kuujua mzunguko anahitaji kuitenganisha 33 iwe 3 na 11. Katika mfano huu kazi hiyo ni ya sekunde moja. Kwa sababu hiyo funguo za kweli hazitumii zao lenye tarakimu mbili. Kipimo kilichoenea sana leo ni zao lenye tarakimu 617, lililotokana na namba mbili tasa zenye tarakimu 309 hivi kila moja.

Mfano huu una udhaifu mwingine ambao msomaji makini ameshauona: herufi i imetokea mara mbili, na mara zote mbili imekuwa 3. Al-Kindi angelivunja fumbo hili bila kujua lolote kuhusu namba tasa. Kwa hiyo katika matumizi halisi herufi hazifumbwi moja moja; ujumbe huunganishwa kuwa namba moja kubwa na kuchanganywa na tarakimu za kubahatisha kwanza. Tena, kwa kuwa hesabu hizi ni nzito, RSA aghalabu haikufumba barua nzima, bali ilifumba ufunguo mfupi wa fumbo la kawaida ambalo ndilo lililobeba barua.

Funguo hizi mbili zaweza pia kutumiwa kinyume. Mwalimu akipandisha muhtasari wa waraka kwa ufunguo wake wa siri, kila mtu anaweza kuurudisha kwa ufunguo wa hadharani, akathibitisha kwamba waraka umetoka kwa mwalimu na haukubadilishwa. Hiyo ni saini. Katika kanuni mpya za mawasiliano ya intaneti zilizotolewa mwaka 2018, RSA haitumiki tena kupeleka ufunguo, lakini saini zake zingali zinatumika. Hata njia zilizochukua nafasi yake hufanya hesabu zake kwa mabaki ya kugawanya kwa namba kubwa tasa. Tofauti ni kwamba huko namba tasa yenyewe hutangazwa, na siri huwekwa mahali pengine.

6. Kuipata namba tasa pasipo kuichambua

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza swali. Ikiwa ni vigumu mno kutafuta vigawo vya namba kubwa, mwalimu atajuaje kwamba namba ya tarakimu 309 aliyoichagua ni tasa kweli? Je, si lazima kwanza atafute vigawo vyake na kuvikosa?

Jibu ndilo linalofanya mfumo wote uwezekane. Inawezekana kujua kwamba namba si tasa bila kujua hata kigawo chake kimoja. Fermat alionyesha kwamba ikiwa namba ni tasa, 2 ikipandishwa kwenye kipeo cha namba hiyo na kugawanywa kwa namba hiyo hiyo, baki huwa sawa na la 2 yenyewe. Ijaribiwe 15. Kipeo cha 15 cha 2 ni 32,768. Ikigawanywa kwa 15 hubaki 8, si 2. Basi 15 si tasa, na hesabu hiyo haikutaja 3 wala 5. Imejulikana kwamba namba ina wana, lakini majina yao hayakutajwa.

Kipimo hicho hudanganyika mara chache. Namba 561, ambayo ni 3 × 11 × 17, hukipita ingawa si tasa. Kwa hiyo hutumika kipimo kilichoboreshwa na Gary Miller na Michael Rabin katika miaka ya 1970, ambacho kikirudiwa mara kadhaa hufanya uwezekano wa kukosea kuwa mdogo kupita kiasi. Mwaka 2002 Wahindi watatu wa Kanpur, Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, walitoa njia isiyokosea kabisa na ambayo muda wake haulipuki kadiri tarakimu zinavyoongezeka.

Wala hakuna hofu ya namba tasa kuadimika. Mwaka 1896 Jacques Hadamard na Charles de la Vallée Poussin walithibitisha, kila mmoja kwa njia yake, jinsi zinavyopungua polepole kadiri namba zinavyokua. Kwa ukubwa unaohitajika hapa, wastani ni namba moja tasa katika kila 710. Kompyuta huokota namba kwa kubahatisha, huipima, huitupa na kuokota nyingine. Baada ya majaribio mia kadhaa huipata.

7. Ugumu wa kurudi

Mwaka 1874 Mwingereza William Stanley Jevons, mtaalamu wa mantiki na uchumi, aliwauliza wasomaji wake ni namba gani mbili zilizozidishwa zikaleta 8,616,460,799. Alidhani kwamba yeye peke yake ndiye angelijua jibu daima. Mfano wake ulikusudiwa kuonyesha kwamba tendo laweza kuwa jepesi na kinyume chake kikawa kizito, karne moja kabla ya mtu yeyote kujenga fumbo juu ya jambo hilo. Lakini mwaka 1903 Mmarekani Derrick Norman Lehmer alilitoa jibu: 89,681 × 96,079. Leo simu ya mkononi hulitoa kabla mtu hajapepesa macho.

Kisa hicho kilijirudia. Mwaka 1977 waanzilishi wa RSA walitangaza katika jarida la Scientific American zao lenye tarakimu 129, pamoja na ujumbe uliofumbwa kwalo, wakaahidi dola 100 kwa atakayeufumbua. Makadirio ya wakati ule yalikuwa mamilioni ya mamilioni ya miaka. Ulifumbuliwa mwaka 1994, miaka 17 tu baadaye, na watu wapatao 600 waliochanga nguvu za kompyuta zao kwa njia ya intaneti kwa miezi minane. Ndani yake mlikuwa na maneno ya mzaha. Mwezi Februari 2020 kikundi cha watafiti wa Ufaransa na Marekani kilitenganisha zao lenye tarakimu 250, kazi ambayo kitovu kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa miaka 2,700 hivi.

Hesabu hizo zinaonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba ugumu upo kweli. Kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine dhidi ya zao la tarakimu 617 hakuna maana, maana idadi ya za kujaribiwa yenyewe ina tarakimu zaidi ya 300, hali idadi ya atomu za ulimwengu uonekanao hukadiriwa kuwa na tarakimu 80 hivi. Hata njia bora zinazojulikana hushindwa mbali sana kabla ya kufika huko. La pili ni kwamba makadirio ya mwaka 1977 yaliharibiwa zaidi na akili kuliko na mashine: njia mpya za kutafuta vigawo zilibuniwa. Hakuna aliyethibitisha kwamba njia nyepesi haipo. Kinachojulikana ni kwamba wengi wameitafuta na hawajaipata.

8. Nyufa za ukuta

Ufumbuzi mwingi uliotokea haukuushinda ugumu huo, uliuzunguka. Mwaka 2012 vikundi viwili vya watafiti vilikusanya mamilioni ya funguo za hadharani kutoka katika intaneti na kugundua kwamba maelfu yake zilishiriki namba moja tasa. Sababu ilikuwa ndogo: vifaa vingi vilitengeneza ufunguo mara tu vilipowashwa, kabla havijapata kitu cha kutosha cha kubahatisha, na hivyo vikaokota namba zile zile.

Kosa hilo ni la maangamizi. Yachukuliwe mazao 143 na 187. Kutafuta vigawo vya kila moja ni kazi. Lakini kigawo kikubwa cha shirika hupatikana kwa njia ya Euclid, ambayo mwanafunzi wa shule huijua: 187 toa 143 ni 44. 143 ikigawanywa kwa 44 hubaki 11. 44 hugawanyika kwa 11 bila baki. Basi 11 imo katika zote mbili, na kufuli zote mbili zimefunguka: 11 × 13 na 11 × 17. Njia hiyo ni nyepesi hata kwa tarakimu 617. Kwa hiyo utasa peke yake hautoshi. Namba lazima iokotwe kwa bahati ya kweli.

Ufa wa pili ni mpana zaidi. Mwaka 1994, mwaka ule ule fumbo la tarakimu 129 lilipofumbuliwa, Mmarekani Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta inayofanya kazi kwa kanuni za fizikia ya kwanta ingeweza kuupata mzunguko wa mabaki upesi, na kwa hiyo kutoa namba tasa zilizofichwa. Mwaka 2001 mashine ya aina hiyo ilitenganisha 15 kuwa 3 na 5. Umbali kutoka 15 hadi zao la tarakimu 617 ni mkubwa mno, na mashine ya kuuvuka haijajengwa. Hata hivyo, mwezi Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa kanuni tatu za kwanza za mafumbo na saini ambazo hazitegemei kutenganisha namba tasa, ili zipokee kazi kabla ya siku hiyo.

9. Hitimisho

Kazi ya namba tasa katika ufunguo wa hadharani yaweza kusemwa kwa ufupi. Hupatikana kwa wepesi, huzidishwa kwa wepesi, na mwenye kuzijua huujua mzunguko unaomrudisha nyumbani. Asiyezijua huachwa na zao tupu.

Lakini ujumbe unaofumbwa leo waweza kunakiliwa njiani na kuwekwa ghalani na mtu asiyeweza kuusoma bado. Kwa barua ambayo haitakuwa na maana mwaka ujao, hilo si neno. Kwa taarifa za wagonjwa, majina ya mashahidi, au kumbukumbu zinazopaswa kufichwa maisha yote ya mtu, ni jambo zito. Anayechagua fumbo kwa ajili ya siri za namna hiyo hatoshelezwi na kujua kwamba halifumbuliki leo. Inampasa kuuliza siri yake itahitaji kulindwa kwa miaka mingapi, na kukumbuka kwamba Jevons aliamini jibu lake lingebaki lake peke yake milele, nalo likatolewa baada ya miaka 29.